Foleni Ndani ya Waya

Inspekta Gasper Simbeye aliomba kusikilizishwa zile simu tatu kwa mara ya sita. Pendo, mpokea simu wa Hospitali ya Ukombozi mjini Tunduma, alibonyeza kitufe huku akipepesa macho kama mtu anayelazimishwa kunywa dawa ileile. Ilikuwa saa nne asubuhi. Kesho yake saa tatu, nesi Roda Nzowa angepandishwa kizimbani kusomewa shitaka la kusababisha kifo kwa uzembe, na hizo simu tatu ndizo zilizokuwa zikimpeleka huko.

Sauti zilitoka safi, kila neno mahali pake. Simu ya kwanza iliingia saa nane na dakika nne mchana. Tabibu Gwalugano wa Zahanati ya Ibungulo, kwenye milima ya Ileje, alieleza kwa lafudhi yake ya Kindali kwamba ana mama aliyejifungua na damu haikatiki, anaomba gari la wagonjwa. Roda, aliyekuwa zamu katika chumba cha dharura, alisema haloo mara tano, kisha simu ikakatika. Ya pili ilikuwa hivyohivyo. Katika ya tatu, saa nane na dakika kumi na tisa, Gwalugano alikuwa karibu kulia, na Roda akamjibu kwa ukali kidogo, "Gari linakuja. Subirini."

Hakuna gari lililokwenda. Hospitali ina magari mawili ya wagonjwa. Moja lilikuwa safarini, la pili lilikuwa chini ya paa lake, tangi limejaa. Kule Ibungulo walikuwa na pikapu ya mnunuzi wa kahawa iliyokuwa tayari kumbeba mgonjwa, lakini kwa kuwa nesi alisema gari linakuja, walimruhusu mwenye pikapu aende zake. Walisubiri zaidi ya saa nne. Saa kumi na mbili na nusu jioni yule mama, Tupokigwe, akafariki. Mtoto wake wa kike alibaki hai.

Aliyeandika malalamiko polisi alikuwa mume wa marehemu, Yonasi Silwimba. Naye alikuwa mwajiriwa wa hospitali hiyohiyo, fundi wake wa kompyuta na simu. Barua yake ilikuwa fupi: mke wangu aliombewa gari mara tatu kwa mtu anayenijua kwa jina.

Mkuu wa Gasper pale kituoni, Afande Ferdinand, aliona kesi imekwisha. Gasper mwenyewe aliona hivyo siku ya kwanza. Alikuwa amekwenda Ibungulo kwa pikipiki, akamhoji Gwalugano kwa saa nzima, na tabibu huyo hakubadilisha neno. Alisema alimsikia nesi vizuri kama aliyeko chumba cha pili, kwa hiyo nesi naye alimsikia. Mfagizi mmoja wa hospitali akaongeza kuwa mchana ule alimwona Roda akizungumza kwenye simu yake ya mkononi. Hapo Gasper alidhani amepata sababu: nesi alikuwa na mazungumzo yake, akachoka kusumbuliwa.

Lakini orodha ya simu za Roda ilipokuja, ilionyesha kuwa alikuwa akizungumza na dereva wa gari la kwanza, aliyekuwa njiani kwenda Saza kumchukua mchimbaji aliyeangukiwa na jiwe. Alikuwa akimhimiza. Njia hiyo ya uchunguzi ikafungwa, na Gasper akarudi mahabusu kumhoji Roda upya.

Roda hakuwa mtu wa kulia. Alikuwa Mnyiha wa Igamba, mwenye miaka kumi na saba ya unesi, na siku mbili za mahabusu zilikuwa zimemkausha midomo tu. Alisema simu zote tatu zilikuwa kama mtu anayekoroma ndani ya ndoo.

"Ukasemaje gari linakuja?" Gasper aliuliza.

"Nilisikia neno moja. Gari. Watu wa Saza walikuwa wamenipigia mara mbili mchana ule kuuliza gari limefika wapi. Nikajua ni wao tena."

"Ungeuliza ni nani anayepiga."

"Niliuliza, afande. Si mnazo hizo sauti? Hesabu nimeuliza mara ngapi."

Alisema pia kwamba baada ya simu ya kwanza aliipiga ile namba, akaambiwa inatumika. Gasper alilinganisha saa. Ilikuwa kweli, dakika hiyohiyo Gwalugano naye alikuwa akimpigia yeye. Hilo peke yake lisingetosha kumwokoa. Ukweli mdogo namna hiyo hakimu huupokea, akauweka pembeni.

Kilichomrudisha Gasper kwa Pendo kilikuwa kitu kingine. Katika kusikiliza mara ya tano aligundua kwamba kila haloo ya Roda iliangukia katikati ya maneno ya tabibu. Mtu anayejifanya hasikii humsubiri mwenzake anyamaze, kisha husema haloo. Masikio yake humsaliti. Roda hakusubiri hata mara moja. Alimkatiza Gwalugano kwenye neno damu, akamkatiza kwenye neno mama. Alizungumza kama mtu aliye mbele ya ukuta.

"Sauti hizi zinarekodiwa wapi?" alimuuliza Pendo.

Pendo aligonga kwa kiatu kisanduku kilichokuwa chini ya meza yake.

"Kabla simu haijafika kwa Roda, au baada?"

"Afande, mimi nimesomea kubonyeza," Pendo alisema. "Ukitaka mtu wa kabla na baada, yuko Yonasi."

Gasper hakutaka Yonasi bado. Alimwomba amwonyeshe tu waya unakopita. Pendo, ambaye alipenda kulalamika lakini hakuwa mchoyo wa msaada, alimwongoza. Kutoka kwenye kile kisanduku waya ulifuata ukuta hadi kabati la chuma lililokuwa ukumbini. Ndani ya kabati mlikuwa na swichi, yaani kile kifaa bapa chenye safu ya matundu ambacho nyaya zote za jengo huchomekwa humo: za simu, za kompyuta, za kamera za ulinzi, za chumba cha eksirei. Na kutoka kwenye swichi hiyo waya mmoja tu ulivuka ua kwenda jengo la dharura. Pendo alieleza kwamba mitambo ya kuhifadhi picha za kamera na za eksirei iliwekwa huko kwa sababu ni jengo hilo pekee lenye umeme wa jua. Basi kila kitu, alisema, kinavuka kwa waya huo kwenda huko, na kinachorudi ni sauti tu.

Gasper aliandika katika daftari lake: Sauti ilirekodiwa kabla ya waya. Hatujui nini kilitoka upande wa pili.

Saa tano alikwenda kuketi kwenye kiti cha Roda katika chumba cha dharura, akamwomba Pendo ampigie na kumsomea chochote. Pendo alimsomea orodha ya zamu za usiku kwa wiki mbili. Kila jina lilisikika wazi. Gasper alirudisha mkono wa simu mahali pake. Waya ulikuwa mzima. Kama ni hivyo, Roda alikuwa mwongo, na yeye alikuwa amepoteza siku ya mwisho ya uchunguzi akisikiliza orodha ya zamu.

Alirudi ukumbini kufunga kabati, na hapo akaona kitabu cha maelekezo cha swichi kikiwa bado ndani ya mfuko wake wa plastiki, hakijafunguliwa. Aliupasua mfuko. Kilikuwa cha Kiingereza, kurasa mia moja na arobaini. Gasper alikuwa amejifunza Kiingereza chake ukubwani, jioni baada ya kazi, na kamusi ilikuwa ndani ya mkoba wake kama wengine wanavyobeba mwavuli. Aliketi kwenye benchi la wagonjwa, akaanza kusoma. Saa saba alikuwa kwenye ukurasa wa themanini na nane. Aliusoma mara tatu. Kisha akamuuliza fundi wa eksirei picha za siku hupelekwa kwenye hifadhi saa ngapi. Jibu lilikuwa saa nane kamili mchana, zote kwa pamoja, kila siku.

Saa nane na dakika tano alikuwa tena kwenye kiti cha Roda. Simu ililia. Aliinua, akasikia kokoto ndani ya debe. Vipande vya sauti vilikuja, vikapotea, vikaja tena bila mkia wala kichwa. Alisema haloo. Akasema tena, kwa nguvu. Alipokata simu alitambua kwamba ameisema mara tano.

Pendo alivuka ua akiwa amenuna.

"Nakusomea Zaburi nzima, afande, nawe unanifokea haloo haloo kama nimesinzia."

"Ulinisikia?"

"Vizuri kabisa. Mpaka pumzi."

Gasper alimwomba aandike hayo na kutia sahihi. Halafu akamwambia amwite Yonasi.

Yonasi Silwimba alikuja na kompyuta yake kwapani. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na moja, Mnamwanga wa hapohapo Tunduma, amevaa shati jeusi tangu siku ya maziko. Alimwamkia Gasper shikamoo kwa adabu, lakini hakuketi mpaka alipoambiwa. Gasper alimweleza kuhusu jaribio la saa nane. Yonasi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa. Alisema swichi haiwezi kuhusika, kwa sababu aliipanga yeye mwenyewe wiki mbili kabla ya msiba.

"Uliipanga vipi?"

"Niliipa vipaumbele. Waya ni mmoja, vitu ni vingi, lazima swichi iambiwe kipi kitangulie. Simu ya dharura ilikuwa inasubiri pamoja na kamera za geti. Nikaitoa huko nyuma. Tupokigwe alikuwa anakwenda kwao Ibungulo. Wao mtoto wa kwanza lazima azaliwe kwa mama. Nikasema, kama lolote litatokea, simu ya huko ipite mbele ya kila kitu."

Gasper alimwomba afungue aone. Yonasi aliweka kompyuta juu ya meza ya Pendo, akaingiza neno la siri, akaigeuza. Orodha ilikuwa safi, imepangwa kwa mkono wa mtu anayependa kazi yake. Simu ya dharura, moja. Simu za wodi, mbili. Duka la dawa, tatu. Kompyuta za ofisi zilipewa nne na tano. Picha za eksirei, sita. Kamera za ulinzi, zote ishirini na nne, saba.

"Na moja ndiyo inayotangulia?"

Yonasi alimtazama kwa mshangao.

"Afande, wewe si mtu wa hapa? Umewahi kuona lori namba saba linavuka kabla ya namba moja?"

Hakuna mkazi wa Tunduma ambaye angemjibu vingine. Yonasi alikuwa ameanzia maisha mpakani. Kwa miaka sita alikuwa karani wa foleni wa wakala mmoja wa forodha, akitembea na chaki kutoka eneo la Mpemba hadi geti la mpaka, akiandika namba kwenye milango ya malori. Madereva wa Kizambia walimwita bashi namba, yaani baba mwenye namba, kwa kuwa hakuna aliyeweza kumhonga arushwe mbele. Huko ndiko alikojifunza maana ya kutangulia, na ndiko alikotoka jioni kwenda kusomea kompyuta.

Gasper alifungua kitabu ukurasa wa themanini na nane, akakiweka mbele yake.

"Soma hilo jedwali," alisema.

Yonasi alisoma. Jedwali lilikuwa na safu nane, na lilisema jambo lake bila fumbo lolote. Swichi hutoa kwanza vyote vyenye namba saba, mpaka viishe, kisha sita, kisha tano, na kuendelea kushuka. Namba moja iliandikwa chini kabisa, hata chini ya sifuri, na mbele yake palielezwa kwamba ni ya kazi zinazoweza kusubiri bila madhara.

Alirudia kwa kidole, mstari kwa mstari. Halafu akafunga kitabu, akatazama jalada, akainuka kwenda kwenye kabati na kulinganisha namba ya kitabu na namba iliyobandikwa kwenye swichi. Zilikuwa sawa. Aliporudi alibaki amesimama.

"Niliijaribu," alisema. "Nilimpigia Roda mwenyewe. Alinisikia vizuri."

"Saa ngapi?"

"Saa tatu asubuhi."

"Asubuhi waya haujajaa. Namba yoyote inapita."

Pendo alikuwa ameacha kupokea simu. Moja ililia mpaka ikachoka.

"Afande, kabla sijaigusa," Yonasi aliuliza, "ilikuwaje?"

Daftari la hospitali la malalamiko ya simu lilikuwa mkobani. Gasper alikuwa amelipitia asubuhi ile, akirudi nyuma miezi minane. Angeweza kusema hajui. Lakini fundi aliyekuwa mbele yake ndiye pekee aliyejua kuuliza swali hilo, na angelitafuta jibu mwenyewe kabla jua halijatua.

"Ilikuwa inakwaruza," Gasper alisema. "Maneno yalisikika."

Yonasi aliketi. Gasper alimpa muda kadiri sheria inavyoruhusu, nao haukuwa mrefu. Alimweleza kwamba Roda anakwenda mahakamani kesho, na kwamba bila maelezo ya mtu aliyeipanga swichi, jaribio la Pendo litaonekana kama bahati mbaya ya siku moja. Yonasi hakubisha. Aliuliza kama anaweza kupewa mpaka asubuhi ili amwambie kwanza mama mkwe wake, ambaye kila siku kabla ya kula alikuwa akilitaja jina la Roda kwa laana. Gasper alisema haiwezekani. Jalada lilipaswa kurudi kwa mkuu wake jioni hiyo.

Basi wakafanya kazi. Orodha ilichapishwa nakala mbili, zikatiwa sahihi na wote watatu, na tarehe ambayo mipangilio iliingizwa ikapigwa mstari. Yonasi aliandika maelezo yake kwa mkono, ukurasa mmoja na nusu, hakufuta neno hata moja. Mwishoni aliomba ruhusa ya kurekebisha ile namba, kwa kuwa wagonjwa wengine bado wanapiga. Alibonyeza, akahifadhi. Haikufika dakika moja. Gasper alikwenda jengo la dharura, Pendo akapiga, na picha za eksirei za siku hiyo zikapelekwa upya kwa makusudi ili waya ujae. Sauti ilikuja safi. Hakuna aliyefurahi.

Kituoni Afande Ferdinand alisoma karatasi zote akiwa amesimama dirishani. Aliuliza maswali mawili, yote ya haki: kama nesi angeweza kujua kwamba upande wa pili unamsikia, na kama fundi alilipwa au alitumwa na mtu. Gasper alijibu hapana kwa yote mawili.

"Sasa hapa namwandika nani?" mkuu aliuliza.

"Kwa ninavyoona, afande, hakuna wa kuandikwa. Wanasheria wataamua."

"Mama wa watu amekufa, Gasper."

"Ndiyo, afande."

Mkuu alitia sahihi karatasi ya kumwachia Roda.

Gasper alipotoka kuelekea mahabusu alimkuta Yonasi kwenye benchi la mapokezi. Hakuwa ameitwa. Kwenye kaunta mbele yake palikuwa na mkanda wake wa suruali umekunjwa, kamba za viatu, simu na funguo, vimepangwa kama vitu vya mtu anayeingia ndani. Koplo wa zamu alisema kwamba bwana huyu amevivua mwenyewe, na kila akirudishiwa anavitoa tena.

"Yonasi, nenda nyumbani," Gasper alisema. "Hakuna hati ya kukuweka hapa."

"Mimi ndiye niliyesema yule dada afungwe, afande. Nimekuja kukaa mahali pake."

"Una mtoto Ibungulo."

"Yuko kwa bibi yake. Siku bibi yake akiambiwa, sidhani kama nitaonyeshwa."

Gasper alikwenda, akafungua mlango wa mahabusu, akamsomea Roda karatasi na kumweleza kwa kifupi yaliyopatikana. Roda aliuliza jambo moja tu, kama ni kweli kwamba wenye mgonjwa waliiruhusu pikapu iondoke baada ya yeye kusema gari linakuja. Gasper alisema ni kweli. Roda alijifunga kitenge chake upya na kutembea mbele.

Alipofika mapokezi alimwona Yonasi, akasimama. Tangu msiba utokee hawakuwahi kukutana uso kwa uso. Ndugu wa marehemu walikuwa wamemzuia asikanyage matangani, na baada ya hapo wakaja polisi. Koplo alisogea kidogo, akidhani patakuwa na maneno.

Roda alinyoosha mkono.

"Pole na msiba, kaka Yonasi," alisema.

Yonasi aliinuka kuupokea. Suruali isiyo na mkanda ikaanza kushuka, akaishika kwa mkono wa kulia, akarudi kuketi. Na Roda akabaki ameunyoosha mkono wake, akisubiri.